Kabla Hujapiga Windows

Mwishoni mwa miaka ya 2000, mafundi kompyuta wa Bukoba mjini walikuwa na dawa moja kwa maradhi yote: kupiga Windows. Virusi vimeingia kwa flashi, piga Windows. Umeme, ambao wakati huo tulikuwa tukiupata kutoka Uganda, umekatika kazi ikiendelea na mashine imegoma kuwaka, piga Windows. Disk C ikifomatiwa, kila kilichokuwa My Documents kinakwenda nayo.

Namkumbuka katibu muhtasi mmoja wa Muleba aliyefika kwenye steshenari yetu kuchukua kompyuta ya ofisi.

"Shikamoo mama," kijana wa kaunta akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mihutasari yangu ya vikao mbona siioni?"

"Uliiweka wapi, mama?"

"Si hapo mbele, kwenye desktop!"

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba desktop nayo imo ndani ya C.

Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux, iliingia kwetu kwa mlango wa virusi. Canonical walituma CD zake bure kwa posta hadi 2011, na sisi tulizitumia kusafishia flashi: folda ambazo kirusi kilizificha kwenye Windows, huku zilionekana zote. Taratibu watu wakaomba mifumo yote miwili ikae kwenye mashine moja, na hapo likazuka jipya. Barua iliyoandikwa asubuhi ndani ya Ubuntu, mchana Windows haiioni, maana haisomi ext4, muundo wa diski wa Ubuntu. Niliona watu wakihamisha faili kwa flashi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kompyuta ileile.

Tukaanza kupunguza C na kutenga partisheni ya tatu, D, ya NTFS, muundo wa Windows, kwa kuwa tangu dereva ya ntfs-3g ikomae mwaka 2007, Linux iliweza kuiandikia bila wasiwasi. Kwenye Windows 7 kazi ilikuwa nyepesi: bofya My Documents kwa kitufe cha kulia, Properties, Location, andika D:\Nyaraka, kisha Apply. Upande wa Ubuntu tuliongeza mstari kwenye /etc/fstab ili D ifunguke mashine inapowaka, halafu tukahariri user-dirs.dirs iliyo ndani ya .config, kuonyesha nyaraka, picha na muziki vinakaa wapi. Folda ya home hatukuihamisha nzima. Faili za mipangilio zilizojificha humo zinategemea umiliki na ruhusa za Linux, na NTFS haizitunzi ipasavyo bila kazi ya ziada. AppData ya Windows nayo tuliiacha ilipo. Windows ikipigwa upya, D haiguswi. Mhaya atanielewa: msonge unabomolewa na kujengwa upya, kibanja kiko palepale.

Kero hazikuisha. Linux inakubali nukta pacha katika jina la faili, Windows haikubali. "Kikao saa 4:00" kilichohifadhiwa kwa Ubuntu kiligoma kufunguka upande wa pili. Kubwa zaidi lilikuja na Windows 8 mwaka 2012. Ukiizima, haizimiki kabisa. Inalala na kuzishikilia partisheni zake, kwa hiyo Ubuntu ikiamka inaruhusiwa kusoma D tu, si kuandika. Simu nyingi kutoka Muleba zilihusu hilo, na jibu lilikuwa moja: zima Fast Startup, kisha uzime mashine upya.

Kilichonikera ni imani iliyoota kwamba kilichoko D hakipotei. Tetemeko la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliimaliza. Kompyuta iliyoangukiwa na ukuta inakufa na C yake na D yake, kwani ni diski moja iliyokatwa vipande. Baada ya hapo sikukubali kumhamishia mteja folda kabla hajanunua diski ya nje, na nilimshauri aiweke jengo jingine. Wa Bukoba wengi walizipeleka nyumbani.

Kazi hii naifanya mpaka leo, ila hatua ya kwanza imebadilika. Windows mpya mara nyingi huwa imeshaichukua Documents na kuiingiza OneDrive mwenyewe hata hajui, bando linaisha kwa kupandisha picha za harusi. Nazima hilo kwanza, nahakikisha faili zimerudi zote kwenye diski, ndipo nakwenda Location.