Shilingi nne zilizonifanya niunde kikokotoo

Je, msomaji mpendwa, utacheka nikikuambia kwamba mtu wa makamo yangu, ambaye kazi yake ni kuandika makala, alitumia jioni zake za wiki tatu kuunda kikokotoo katika tarakilishi? Huenda utauliza: kwani simu yako haina? Inacho. Lakini cha simu hakikuweza kumwokoa mama yangu.

Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama saba wanaouza mboga. Mwisho wa mwezi hugawana faida. Chukua shilingi 10,000, uzigawe kwa saba. Simu itakuambia 1,428.5714. Nani atalipwa vipande hivyo vya senti? Mama humpa kila mmoja shilingi 1,428, na shilingi nne husalia mkobani. Ni hela kidogo, lakini shaka haipimwi kwa mizani. Siku moja mwenzao aliuliza mbele ya wote masalio hayo huenda wapi. Mama alirudi nyumbani kimya, na jioni hiyo hakugusa chakula.

Ndipo nikaazimia kumtengenezea kikokotoo chenye kitufe kimoja cha ziada: cha baki.

Nilijifunza lugha ya Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Haiuzwi, unaipata bure. Mara nyingi huja na zana iitwayo Tkinter, ambayo kazi yake ni kuchora madirisha na vitufe. Nilipanga vitufe 18: tarakimu kumi, alama nne za hesabu, nukta, sawasawa, cha kufuta na kile cha baki. Kila kitufe hupewa amri yake. Bila amri ni pambo tu.

Wewe nawe ukitaka kujaribu, jihadhari na mambo matatu.

Kwanza, mashine huchukulia kila kilichoandikwa kwenye kisanduku kuwa maandishi, wala si namba. Iambie ijumlishe 2 na 3 nayo itaziunganisha, ikupe 23. Sharti uigeuze kwanza kila moja iwe namba.

Pili, hakuna kugawa kwa sifuri. Python hukataa na kutoa kosa. Usipolitega kosa hilo mapema na kuandika ujumbe wa kueleweka, mtumiaji atabaki akikodolea macho kioo kisichobadilika.

Tatu, jumlisha 0.1 na 0.2. Utapata 0.30000000000000004! Si uchawi. Tarakilishi huhesabu kwa sifuri na moja pekee, na kwa mtindo huo 0.1 haiishi, kama vile sisi tusivyoweza kumaliza kuandika theluthi moja kwa nukta. Kwa hiyo pesa zihesabu kwa senti nzima, kisha uzigeuze kuwa shilingi wakati wa kuonyesha tu.

Na baki? Python ina alama mbili zinazotosha: // hutoa mgawo mzima, na % hutoa kinachosalia. Mama akibonyeza, kioo humwambia: 1,428, baki 4. Sasa hesabu hufanywa mezani, wote wakitazama, na baki huandikwa daftarini ili iingie katika faida ya mwezi unaofuata. Aliyeuliza lile swali ndiye anayesoma kioo kwa sauti.

Waama, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata heshima ya mtu yaweza kupotea vivyo hivyo.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukitamani kujifunza kuandika programu, usingoje wazo la kukutajirisha. Tazama ni hesabu gani inayomnyima usingizi mtu wa nyumbani kwako, uanze na hiyo.