Pine ya Nyuma

Mwezi huu sitaandika juu ya mahari wala juu ya ugomvi wa mawifi. Nitaandika juu ya pine ya pikipiki. Najua mama mmoja atasema, "Pasta amekosa maneno." Nivumilie kidogo, mama. Mume wako au mtoto wako anapanda pikipiki kila siku, na wewe mwenyewe unabebwa nyuma, mtoto mgongoni na gunia la unga kati yako na kijana anayeendesha. Basi jambo hili ni la jamaa nzima.

Mimi ninachunga makanisa matatu: moja hapa Uvira, mawili kando ya ziwa, upande wa Mboko. Njia yangu ni ile barabara ya taifa namba 5 inayotoka mjini, ikapita Kalundu, Makobola na Mboko, mpaka Baraka, karibu kilometa 90. Upande mmoja ziwa, upande mwingine mlima. Katikati ni mawe, mchanga, na vijito vinavyoshuka kwa hasira wakati wa mvua. Kwa juma natembea karibu kilometa 200. Kwa mwaka ni 10,000. Pikipiki ndiyo miguu yangu, na pine ndiyo viatu vyake.

Mwaka 2017 viatu hivyo vilikwisha. Pine ya nyuma ilikuwa laini kama kichwa cha mzee mwenye upara. Wamama wa kanisa waliona hayo kabla mimi sijasema neno. Wakachanga. Wengine waliuza ndagala, wengine mafuta ya mawese, wengine walitoa franga mia tano tano. Mwezi wa nne wakaniletea dola 70, ndiyo kusema dola 35 kwa kila pine, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuuliza bei.

Nilikwenda sokoni. Muuzaji wa kwanza alinionyesha pine nzuri kwa dola 35. Muuzaji wa pili alikuwa na pine zilizong'aa kuliko zile, nyeusi tititi, meno marefu, dola 20 tu. Nikajiambia, mpira ni mpira. Nikachukua mbili kwa dola 40. Zile dola 30 zilizobaki nilizipeleka shuleni kulipa minerval ya binti yangu, ambaye alikuwa amefukuzwa darasani siku mbili. Wamama waliponiuliza kama feza zilitosha, nikajibu, "Zilitosha kabisa." Na kweli zilitosha. Lakini mimi nilijua nimeficha nini.

Miezi minne ikapita. Mwezi wa nane, katikati ya kiangazi, nilikuwa nikienda Mboko. Nyuma yangu alikaa mzee wetu shemasi, mwenye miaka 63, pamoja na kifurushi cha vitabu vya nyimbo na kilo 20 za mchele. Asubuhi ile nilikuwa nimepunguza upepo katika pine ya nyuma, ili mzee asirukeruke sana juu ya mawe. Nilidhani namtendea wema.

Saa sita, baada ya kupita Makobola, pine ya nyuma ikapasuka. Mlio wake ulikuwa kama risasi. Watu waliokuwa shambani walilala chini, maana huku kwetu mtu akisikia mlio wa namna ile haulizi mara mbili. Pikipiki ikayumba, ikatutupa, ikaangukia mguu wa mzee. Mimi nilichubuka mikono tu. Mchele ulimwagika barabarani, na mzee alikuwa akiutazama, asilie, akisema pole pole, "Pasta, mguu. Mguu, Pasta."

Kijana mmoja aliyekuwa akienda Misisi kwenye dhahabu alisimama. Hakutujua. Alishusha mzigo wake, akauacha kwa mama mmoja wa kijiji, akambeba mzee mpaka Uvira. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili. Matibabu yale yalikula zaidi ya dola 200, na mpaka leo mzee anatembea na fimbo.

Juma lililofuata nilipeleka pine ile kwa fundi, kijana aliyekua mbele ya macho yangu. Aliigeuza, akapangusa ubavu wake kwa kitambaa chenye mafuta.

"Baba Pasta, hii pine ulinunua lini?"

"Mwaka huu, mwezi wa nne."

"Hapana. Wewe ulinunua mwaka huu, lakini yenyewe ilizaliwa zamani. Angalia."

Akanionyesha namba nne ndani ya kiduara kirefu: 0609. Juma la 6, mwaka 2009. Pine yangu "mpya" ilikuwa na miaka minane. Akaikunja kwa mikono miwili, na kati ya meno yake nikaona nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka. Kisha akaifungua ndani. Nyuzi za ubavuni zilikuwa zimekatika mzunguko mzima.

"Hii ni ya upepo mdogo," akasema. "Pine ikikosa upepo, ubavu unakunjika kila mara inapozunguka. Unapata moto, nyuzi zinakatika. Ilikuwa imezeeka, ukaibebesha mzigo, ukaiondolea upepo. Ingefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Alhamisi nilikwenda katika mkutano wa wamama, nikawaambia yote: pine za dola 20, zile dola 30, minerval. Hakuna aliyepiga kelele. Mama msimamizi wao alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Pasta, sisi tulitoa pine. Ungetuambia mtoto amefukuzwa, tungetafuta na minerval. Sasa mzee amelipa vyote viwili kwa mguu wake."

Ndugu msomaji, maneno yale sijayasahau. Tangu siku ile ninajua kwamba pine rahisi ina bei mbili. Bei ya kwanza inalipwa dukani na anayenunua. Bei ya pili inalipwa njiani, na mara nyingi anayeilipa ni yule aliyekaa nyuma, ambaye hakuulizwa.

Sisi Wakongo tungepaswa kulijua jambo hilo kuliko watu wote. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wake wa pine ya upepo kwa ajili ya baiskeli. Ulaya na Marekani zikataka mpira mwingi, na mpira wa mwitu ulikuwa katika misitu yetu. Wakati huo nchi ilikuwa mkononi mwa Mfalme Leopold wa Pili, tangu 1885 mpaka 1908. Watu walilazimishwa kuingia msituni kuutafuta. Kijiji kisipotimiza kipimo, wanawake walifungwa, watu waliuawa, wengine walikatwa mikono. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza, Alice Harris, alipiga picha ya baba mmoja aitwaye Nsala akitazama mkono na mguu wa binti yake, ndivyo vilivyobaki kwake. Picha za namna hiyo zilionyeshwa katika mikutano ya Ulaya na Marekani, na watu wengi huko wakafahamu kwa mara ya kwanza kwamba mpira wao una damu. Siku hizi mpira mwingi wa asili unatoka Thailand na Indonesia. Lakini swali ni lile lile: ile bei iliyobaki, nani anailipa?

Sasa niwape yale niliyojifunza kwa fundi na kwa njia yenyewe. Ninyi wamotari, na ninyi vijana mnaonunua pikipiki kwa feza za machimbo, yasomeni vizuri.

Kwanza, soma kipimo. Ukiona 3.00-17, ile 3.00 ni upana kwa inchi, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Usiweke pine pana kuliko ile iliyoandikiwa pikipiki yako ati ionekane na nguvu. Itasugua mnyororo, au itakaa vibaya juu ya rimu. Ukiona pia 50P, ile 50 inamaanisha kwamba pine hiyo, ikiwa na upepo wake kamili, inaweza kubeba kilo 190, na P ni mwendo usiozidi kilometa 150 kwa saa. Kumbuka kwamba katika kilo hizo kuna uzito wa pikipiki yenyewe, wako wewe, wa abiria wako na wa gunia lake. Watu watatu na mzigo juu ya pikipiki moja, hesabu inakataa.

Pili, tafuta tarehe. Ni namba nne, mara nyingi mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za mbele ni juma, mbili za nyuma ni mwaka. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani bila kutembea, kwa sababu ya hewa, joto na jua. Mimi siku hizi nikikuta pine ina zaidi ya miaka mitano, ninairudisha hata kama muuzaji anakasirika.

Tatu, usiamini kung'aa. Mafuta kidogo yanaweza kuing'arisha pine mzee kama bibi arusi. Ikunje, uangalie katikati ya meno na ubavuni. Bonyeza kwa ukucha: mpira mzima unakubali kidogo, kisha unarudi. Ukikuta ufa, iache.

Nne, chagua meno kufuatana na njia yako. Anayepanda milimani katika matope anahitaji meno marefu yaliyoachana. Lakini meno hayo yakitembea kwenye lami, kama anayevuka mpaka Kavimvira kwenda Bujumbura kila siku, yanalika upesi, na mvua ikinyesha yanateleza. Anayetembea njia za namna zote, kama mimi, achukue meno ya kati, yaliyokaribiana katikati na kuachana pembeni.

Tano, inayodumu kuliko zote si lazima iwe nzuri kuliko zote. Mpira mgumu unakwisha polepole, lakini haushiki vizuri njia yenye maji. Mpira laini unashika, lakini unakwisha upesi. Kwa nyuma ninachagua ugumu wa kadiri, maana ndiyo inayosukumwa na mashine na kubeba abiria, na huwa inakwisha kwanza. Kwa mbele ninatafuta ile inayoshika, maana pine ya mbele ikiteleza ni vigumu kujiokoa.

Sita, pine mpya ipewe mpira wa ndani mpya. Ule wa zamani umekwisha kunyooka, utajikunja ndani na kutoboka. Angalia pia mshale ubavuni: uelekee upande ambao gurudumu linazunguka.

Saba, upepo. Pima asubuhi kabla hujatembea, pine ikiwa baridi, ufuate namba zilizoandikwa na watengenezaji wa pikipiki. Ukipima saa nane mchana, pine ikiwa moto, utaona upepo umezidi, utaupunguza, na kesho yake utatembea na pine legevu. Wala usiupunguze ili kumfurahisha abiria. Ukitaka kumfurahisha, punguza mwendo. Na kwa kilometa 150 za kwanza uende pole pole, kwa sababu pine mpya inateleza mpaka ngozi yake ya juu ilike kidogo.

Mtu atasema, "Pasta, hayo yote ni ya wenye feza." Hapana. Mimi ninaandika kilometa katika daftari. Pine ile ya dola 20 ilinipeleka kilometa 4,000 hivi kabla ya kupasuka. Ni dola 5 kwa kila kilometa elfu. Ya dola 35 niliyonunua baadaye ilitembea kilometa 12,000. Ni chini ya dola 3 kwa kila kilometa elfu. Iliyoonekana ghali ndiyo iliyokuwa rahisi. Na katika hesabu hiyo sikuweka mguu wa mzee, maana sijui niuandike kwa feza gani.

Pine hiyo niliinunua pamoja na mzee mwenyewe. Nilimwambia apumzike nyumbani, akakataa. Tulikwenda sokoni pole pole, yeye na fimbo yake. Muuzaji alipotoa pine, mzee alivaa miwani, akainama, akatafuta zile namba nne kwa kidole gumba. Akazisoma kwa sauti, kama anayesoma somo la Jumapili. Kisha akaniuliza, "Pasta, feza zote tulizopewa ziko hapa?"

Nikamwambia, "Ziko zote, Mzee. Zihesabu."

Akazihesabu. Hakufanya hivyo kwa kunidharau, na mimi sikukasirika. Tangu siku hiyo, kila kitu kinachonunuliwa kwa mchango wa watu, ninakinunua pamoja na mtu mwingine, na risiti inasomwa mbele ya wote.

Ndugu, kesho asubuhi, kabla hujawasha pikipiki na kabla abiria wako hajapanda, inama kwanza uangalie pine ya nyuma. Nawe mama unayebebwa, usione haya kuuliza. Mwambie tu kijana, "Mwanangu, hii pine yako ni ya mwaka gani?" Kama hajui, mshuke pamoja, mwitafute ile namba.