Maji ya Mama Mkwe

Je, umewahi kukataa maji uliyokaribishwa na mama mkwe? Mimi nimewahi, na hadi leo nikiukumbuka uso wake naona haya.

Tulikuwa tumefunga safari na binti yetu wa miaka minne kwenda kumsalimia nyanyake, anayeishi kando ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Tulipopita Kisumu tulisimama ufuoni, vijana wakatuoshea gari huku sisi tukila samaki. Povu lilitiririka ziwani. Niliona, nikaendelea kuchambua miiba.

Kwa mama, niliona mahali anapoteka maji. Yalikuwa ya kijani, mazito kama mrenda. Aliponiona nikikodolea macho kikombe cha mjukuu wake, alisema: "Nimeyachemsha, mwanangu. Hapa tunachemsha tangu kipindupindu cha 1997."

Alisema kweli. Moto huua viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini ile rangi ya kijani ni mwani, na baadhi ya mwani huo hutoa sumu inayodhuru ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Maji yakipungua jikoni yenyewe huzidi ukali. Na mwani hustawi kwa kulishwa: maji taka ya miji, mbolea inayosombwa na mito kama Nyando, na sabuni. Naam, hata ile ya gari letu.

Basi ningemwambiaje mama kuwa maji yake ni mabaya, ilhali uchafu wangu nimeuacha njiani? Nikasingizia kwamba mtoto ana soda garini. Mama alinitazama tu, akarudisha kikombe mezani.

Usiku nilishindwa kulala, nikaenda kumweleza yote. Hakukasirika. Aliniuliza: "Na sisi tusio na soda?"

Asubuhi mume wangu alipima paa. Mabati yapo, kilichokosekana ni mifereji na tangi. Tulikubaliana kuvinunua mshahara ukiingia, na mvua ya kwanza iachwe imwagike kwani huosha paa. Kwa sasa mama atateka kisimani, ingawa ni mbali na magoti yanamsumbua.

Tukirudi, wale vijana wa ufuoni walitupungia ndoo zao. Mume wangu akapunguza mwendo. Nikamwambia apite, tukafika nyumbani na vumbi letu.