Kwa Treni Kutoka Morogoro Hadi Pugu: Somo kwa Watu wa Nyasa

Kwa sisi wakazi wa Liparamba, wilayani Nyasa, safari ya Dar es Salaam ni ya basi, kupitia Mbinga, Songea, Njombe na Iringa. Hata hivyo, tangu Juni 2024 msafiri aweza kuteremka Morogoro na kuimalizia njia kwa treni ya umeme. Kilomita 192 zilizobaki huchukua takriban saa mbili. Nauli iliyotangazwa kwa treni ya kawaida ni shilingi 13,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na aliye chini ya hapo halipi.

Anayetaka kuujua mji na viunga vyake asipande treni ya haraka, bali ile isimamayo vituoni. Ukiipa kisogo milima ya Uluguru, utapita Ngerengere, kisha Ruvu, jina la mto unaoinywesha Dar es Salaam. Hufuata Soga, mkoani Pwani, kilomita 51 kutoka mjini. Kisha Pugu, kilomita 19, penye vilima na msitu wa hifadhi. Mwisho ni stesheni kuu, isiyo mbali na Kariakoo.

Njia hii si ngeni. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Jambo jipya ni kasi, na kasi hugeuza thamani ya ardhi. Kwa nauli ya shilingi 4,000, mkulima wa Soga amekuwa jirani wa mfanyabiashara wa Kariakoo. Huko niliona mawe ya mipaka katikati ya mihogo, na vibao visemavyo kuwa shamba haliuzwi. Kibao cha namna hiyo husimikwa na mtu aliyekwisha kuulizwa bei mara nyingi, au anayehofia kuuziwa mali yake na asiyeimiliki.

Ndugu zangu, hayo yanatuhusu. Serikali imekusudia kujenga reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga. Misikiti na madrasa nyingi za vijijini kwetu zimesimama juu ya ardhi iliyotolewa kwa kauli tu, mashahidi wakiwa majirani. Kauli ile ilitosha walipokuwa hai. Baada yao, mrithi asiyeijua aweza kuudai uwanja, na fidia ikija italipwa kwa yule ambaye haki yake inatambulika.

Basi kila kamati na iketi na mtoaji au warithi wake, iandike wakfu mbele ya mashahidi, kisha ifike kwa halmashauri ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mali na iwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA, si la imamu wala mwenyekiti.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Ikiwa deni la muda limestahiki kalamu, wakfu wa daima umestahiki zaidi. Tuuandike sasa, wazee walioshuhudia wangali hai.