Daftari la Ukutani

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Maseremala wengi wa kwetu Kolwezi hawana daftari la karatasi. Daftari lao ni ukuta. Ukiingia kwenye karakana ya nyumbani, hata kama mwenyewe hayupo, ukuta utakueleza ana vyombo gani, anapenda kazi ipi, na anawaamini watu kwa kiasi gani. Hilo la mwisho nililielewa nikiwa mtu mzima. Nimekulia katika karakana ya baba yangu na baadaye nikairithi. Nikikumbuka jinsi vyombo vyake vilivyohamishwa, kutoka sandukuni kwenda ukutani, kutoka ukutani kwenda chini ya kufuli, kisha vikarudi tena ukutani, naiona pia historia ya mji wenyewe.

Nianze na sanduku. Baba alikuwa seremala katika kampuni moja ya migodi. Walitengeneza milango, ngazi, madawati ya shule na vitanda vya nyumba za wafanyakazi. Kolwezi ilijengwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, na tangu mwanzo ilikuwa mji wa aina ile ambayo nyumba, shule, hospitali na hata posho ya unga hutoka kwa mwajiri. Wazee walikuwa wakisema, "Kazi njo baba, kazi njo mama," yaani kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Hata vyombo vya kazi havikuwa vya mtu. Kazini kwa baba, asubuhi ulikwenda magazini, yaani ghala la vyombo, ukatoa kibati chenye namba yako, ukapewa randa au keekee, na kibati kikabaki kwenye msumari pale chombo kilipokuwa. Jioni ukirudisha chombo, unarudishiwa kibati. Mwenye magazini hakuwa na haja ya kuuliza nani ana nini. Alitazama ukuta, akasoma namba.

Nyumbani ilikuwa tofauti. Vyombo vya baba mwenyewe vilikaa katika sanduku la mulombwa, mti ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga. Urefu wa sanduku ulikuwa wa msumeno mmoja wa mkono. Misumeno yenyewe ilibanwa upande wa ndani wa mfuniko kwa vipande vya mbao vinavyozunguka. Chini yake kulikuwa na trei mbili za kusukuma: ya juu ya kalamu, kipimo, pembe mraba na bisibisi; ya pili ya patasi, kila moja imeviringishwa kitambaa chenye mafuta. Chini kabisa zililala randa, tupa na nyundo. Ufunguo alikaa nao mama. Fundi wa majahazi wa Lamu aliyebeba tezo na keekee yake kikapuni, na seremala wa Ulaya aliyehama na kreti lake toka jengo moja hadi jingine, wote wangeuelewa mpango ule. Sanduku ni la mtu ambaye kesho huenda akahama.

Na kweli zilikuwapo siku za kujiandaa kuhama. Mei 1978, wapiganaji waliotokea Angola walipoingia mjini na askari wa miamvuli wa Kifaransa wakateremka baada yao, baba alilisukuma sanduku chini ya kitanda na sisi watoto tukalazwa sakafuni mbele yake. Hakuna aliyeligusa.

Ila sanduku lina kasoro zake, na kila fundi aliyewahi kuwa nalo anazijua. Chombo unachokitaka ndicho kilicho chini kabisa. Kukitoa lazima utoe trei mbili, na ukiwa na haraka hutarudisha kitu mahali pake. Kisha masika. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na sanduku lililofungwa hushika unyevu ndani. Ukilifungua baada ya majuma mawili, chuma cha patasi kina madoa ya kutu penye kila mkunjo wa kitambaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulipata kiwanja chenye nafasi, na baba akajenga karakana nyuma ya nyumba kwa matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu. Huku kwetu vichuguu ni vikubwa kuliko nyumba nyingine, na udongo wake hutoa tofali zuri. Ubao wa ukutani aliutengeneza kwa mbao za makreti yaliyoleta mashine za mgodini, msonobari mweupe usiokuwa na thamani ya samani. Hapo ndipo alipouleta mpango wa magazini nyumbani. Alilaza kila chombo juu ya ubao, akakizungushia kalamu, kisha akapaka rangi nyekundu ndani ya mchoro. Ukiondoa nyundo, umbo jekundu la nyundo linabaki likikutazama. Wanagenzi wake kila mmoja alikatiwa kibati cha kopo la maziwa, kikatobolewa alama yake kwa msumari. Anayechukua chombo anatundika kibati.

Ubao ule ninao hadi leo, na naweza kueleza kila kilichokuwa juu yake. Vyombo vya kupimia na kuchorea vilikaa usawa wa macho, karibu na meza ya kazi, kwa sababu ndivyo vinavyoshikwa mara nyingi. Patasi zilipangwa kwa upana katika ubao wenye matundu, nyembamba kushoto, pana kulia, makali yakiangalia chini nyuma ya kipande cha mbao ili mkono usikatike. Misumeno ilining'inia kwa mpini, meno yakiwa yamevishwa kipande cha mpira wa bomba uliopasuliwa. Randa zilikaa kwenye rafu, kila moja imewekewa ukanda mwembamba wa mbao chini ya pua yake, wembe usiguse rafu. Nyundo, koleo na vyombo vizito vilikuwa chini. Ubao haukugusa ukuta. Uliinuliwa kwa vipande vya mbao nyuma yake, hewa ipite, na mchwa wakipanda waonekane kabla hawajala.

Mafuta nayo yalikuwa na sheria yake. Mawese, ambayo kwetu hayakosekani, baba aliyakataza. Kolwezi iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na mawese huganda juu ya chuma. Kiangazi hichohicho ndicho chenye vumbi la barabara za machimbo ya upande wa Mashamba na Dikuluwe, na vumbi likikutana na mawese hugeuka gundi. Tulitumia mafuta mepesi ya mashine, tone moja kwenye kitambaa, mara moja kwa juma.

Jioni baba hakuhesabu. Alisimama mlangoni akazungusha macho, akasema, "Ekeri iko wapi?" akimaanisha pembe mraba, na kila mtu akajitazama mikononi. "Kila kintu iko na nafasi yake," alipenda kusema, "nafasi yenyewe itasema." Majirani nao waliazima, wakatundika vibati vyao. Sikumbuki mlango ule kufungwa mchana.

Nadhani mlango uliweza kubaki wazi kwa sababu mji ulikuwa na kazi. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kabla ya miaka kumi kupita, zilikuwa chini ya 50,000. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ulioanzia Kinshasa ukafika katika miji ya shaba. Hapo tukagundua kwamba ukuta unaotuonyesha kilichopungua unamwonyesha pia mwizi kilichopo. Baba alitoa vyombo vyote ukutani usiku mmoja. Vizuri vilikwenda chumbani kwake, katika pipa la chuma lenye mfuniko wa kufuli. Vibovu aliviacha karakanani ili anayevunja asitoke bure akaja kututafuta ndani. Kwa miaka kadhaa tulifanya kazi mbele ya maumbo mekundu matupu. Kila asubuhi ulileta vile vya kazi ya siku hiyo tu, na kila jioni ukavirudisha pipani, na muda wa kazi ukaliwa na kupanga na kupangua.

Kisha ikaja 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga kwa maelfu. Wengi walilala kwenye vituo vya reli Likasi na hapa Kolwezi wakingoja treni. Jirani yetu mmoja, seremala kama baba, hakuweza kubeba vyombo vyake na watoto wake kwa pamoja. Alivileta kwetu kwa toroli, jioni. Mipini yake yote ilikuwa na herufi aliyoichoma kwa chuma cha moto. Baba hakuvichanganya na vyetu. Alichukua daftari la shule, wakaandika pamoja, mstari kwa mstari: randa ndefu moja, patasi saba na upana wa kila moja, kinoo kimoja kilichovunjika pembe. Wote wawili wakatia sahihi. Vilifungwa kwa turubai na kuwekwa juu ya dari, na kila masika baba alipanda kuvipaka mafuta. Miaka ilipita hadi kijana wake akaja. Baba alitoa daftari kwanza, vyombo baadaye, na wakasoma mstari kwa mstari mpaka kinoo kilichovunjika pembe.

Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Baba wakati huo alikuwa mstaafu. Uani kwa watu wengi kukaota karakana: huyu anachomelea, yule anatengeneza viti. Waliokuwa wamezoea kupewa chombo dirishani kwa kibati sasa walikuwa na chombo chao wenyewe na hawana pa kukiweka. Wakaja kwa baba kuuliza, naye, uzeeni, akawa anatembea na kalamu nyuma ya sikio kuwachorea watu mbao zao.

Karakana iliponiangukia mimi, mambo yalikuwa yamebadilika tena. Maduka yalijaa vyombo vya bei ndogo kutoka China, seti nzima katika kesi ya plastiki ambayo kila chombo kina shimo lake. Kesi inapendeza siku ya kwanza. Siku patasi moja ikivunjika, ile mpya haiingii katika shimo la zamani, na kesi inakuwa sanduku la kurundika. Kisha ikaja kobalti. Mwaka 2014 mkazi wa Kasulo, mtaa mmoja wa hapa Kolwezi, alikuta madini akichimba kiwanjani kwake, na kwa muda mfupi mtaa mzima ukawa mashimo, hata sakafuni mwa nyumba. Vijana walitembea nyumba kwa nyumba wakiomba nyundo na burini, yaani patasi ya kuvunjia mawe. Patasi ya mbao siyo burini: ukiigonga juu ya jiwe mara moja, makali yameisha na mpini umepasuka. Tulinunua nyundo mbili nzito na patasi za chuma za bei ndogo, tukazitundika karibu na mlango kwa ajili ya kuazimisha, na zile za kazi tukazisogeza ndani. Huo nao ni mpango: kumpa jirani bila kuumia.

Fedha ya kobalti ilileta pia kazi. Kolwezi ikawa makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, na kila aliyejenga alitaka milango. Kufunga milango ni kazi ya kwenda kwa mteja, nyuma ya pikipiki. Hapo ndipo nilipoongeza kitu ambacho baba hakuwa nacho: makasha madogo ya wazi yenye mpini, kila moja kwa kazi yake. Kasha la vitasa na bawaba lina patasi tatu, nyundo ndogo, bisibisi, kipimo na penseli. Kasha la kumalizia lina msasa, brashi na vitambaa. Chombo cha kasha hakitoki ukutani. Ni chake siku zote, kina alama ya rangi moja na kasha lake. Kinachobaki nyumbani kinakaa ukutani, kinachosafiri kinakaa kashani, na ugomvi wa "nani kaacha patasi kwa mteja" umekwisha.

Mashine za umeme ninazo, nyuma, kwenye rafu yenye pazia la kuzuia vumbi. Safu ya mbele bado ni ya vyombo vya mkono. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, na hukatika, wanagenzi hunyoosha mkono tu na kazi inaendelea. Ubao wa baba umerudi mahali pake, rangi nyekundu imepakwa upya, na vibati vipya vimekatwa, kimoja cha msichana ambaye sasa ananoa kunishinda. Usiku dirisha lina nondo na mlango una kufuli. Mchana mlango uko wazi.

Nimevitumia vyote: sanduku, ukuta, pipa na kasha. Sanduku linamfaa anayehama, pipa linamfaa anayeogopa, lakini anayetaka kufundisha wengine hana budi kuwa na ukuta, kwa maana mwanafunzi hawezi kujifunza kutunza asichokiona. Kwa hiyo, kijana unayeweka fedha ya mashine ya pili, subiri kidogo. Tafuta ubao wa kreti, kalamu na kopo la rangi, na jioni ya leo chora umbo la kila chombo ulicho nacho. Haitakugharimu siku nzima, na kesho utajua ni mashine gani hasa unayoihitaji.