Tairi Linaposhika Upepo Lakini Halishiki Njia

Kwa mtoto aliyekulia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tairi la baiskeli lilikuwa na kipimo kimoja: linashika upepo au halishiki. Hapo ndipo boda boda zilipoanzia, enzi za baiskeli, na baba yake alivusha abiria na magunia kwa Black Mamba, zile baiskeli nzito za breki za vyuma. Tairi likipasuka ubavuni lilishonwa. Likitoboka shimo, kiliwekwa ndani kipande cha tairi jingine ili tyubu isichomoze. Nyuzi zikionekana, ndipo fedha za tairi jipya zilipoanza kutafutwa, tena polepole. Haukuwa uzembe: kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa mzigo, tairi kipara hubeba vizuri tu.

Ukubwani akahamia Naivasha, akawa fundi wa baiskeli za gia zinazokodishwa kwa wageni wa Hell's Gate, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1984 ambamo mtu huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Huko kipimo cha Busia hakikutosha. Njia ni changarawe na vumbi laini la volkano, na hapa na pale vimelala vipande vya obsidiani, kioo cha volkano kinachokata mpira bila shida. Mgeni anateremka, anakata kona, gurudumu la mbele linateleza, naye yuko chini, viwiko vimechubuka. Ukibonyeza tairi, upepo umejaa tele.

Matairi ya baiskeli za mlimani, kama hizo za kukodishwa, yana kazi nyingine. Katika kaunti ya Marin, California, waendesha baiskeli akina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly walichukua baiskeli kuukuu za matairi manene, na mwaka 1976 wakaanza kushindana kuteremka njia waliyoiita Repack, kwa kuwa grisi ya breki za kitovu iliungua na kulazimu ijazwe upya. Kwenye mteremko wa namna hiyo, meno ya tairi ndiyo kila kitu. Kitambaa cha nyuzi kilicho chini ya mpira kinaweza kuwa kizima kabisa ilhali tairi limekwisha kazi.

Basi fundi akaanza kukagua meno. Hupindua baiskeli ikakaa juu ya kiti na usukani, akazungusha gurudumu taratibu, kisha akasukuma meno ya pembeni kwa kidole gumba. Jino jipya lina kona kali. Lililochoka kingo zake zimeviringika kama kipande cha sabuni. Jino likilala kirahisi na kufungua ufa kwenye shina lake, litang'oka karibuni. Meno ya katikati yanaweza kuwa bado marefu, lakini kwenye kona ni yale ya pembeni yanayomshikilia mtu.

Tairi la nyuma huisha kwanza, maana hubeba uzito mkubwa na nguvu zote za kukanyaga, na wageni hufunga breki ya nyuma mpaka gurudumu linaburuzwa. Kwa hiyo zamani jipya lilikwenda nyuma. Siku hizi yeye hulifunga mbele, na la mbele hulihamishia nyuma. Mwenye baiskeli mmoja alimkatalia katakata.

“Fundi, lililoisha ni la nyuma. Mbona unafunga jipya mbele?”

“Mzee, la nyuma likiteleza mtu hujishika. La mbele likiteleza, ameshaanguka.”

Kisha yakaja matairi yasiyo na tyubu, ambayo kampuni ya Mavic, pamoja na Hutchinson na Michelin, iliyaleta sokoni mwaka 1999. Kwa miiba ya migunga ya Naivasha ni neema kubwa, kwani maji ya kuziba yaliyomo huziba tundu dogo papo hapo. Nayo yana dalili yake ya uchakavu: vitone vyeupe vikijipenyeza ubavuni na tairi kudai pampu kila asubuhi, ilhali maji yamebadilishwa juzi, ubavu umechoka.

Kinachomkera zaidi ni tairi lililoning'inizwa nje ya duka, juani, mwaka hadi mwaka. Meno ni marefu, lebo bado ipo, lakini jua limekausha mpira ukawa mgumu na hauumi tena mwamba. Kabla ya kutoa fedha hulikunja ubavu mbele ya muuzaji, atazame kama kuna nyufa ndogondogo. Akiziona, humwomba amletee lililokuwa ndani, kwenye kivuli.