Siku Mbili Kando ya Ziwa, Mwanza

Akina mama wenzetu, ni wangapi kati yetu tumewahi kutoka nyumbani kwa siku mbili bila mtoto mgongoni, bila msiba na bila mgonjwa wa kuuguza? Sisi tulipopiga hesabu tuliona kwamba safari zetu zote za miaka kumi iliyopita zilikuwa za mazishi, za harusi za ndugu au za semina. Kwa hiyo mwenzetu mmoja tunayeimba naye kwaya hapa Shinyanga aliposema anakwenda Mwanza kutafuta vyombo vya binti yake anayeolewa, tuliomba ruhusa kazini na kwa baba watoto. Tulipewa zote mbili, ingawa ya nyumbani ilichukua muda mrefu zaidi.

Jambo moja tulilijua kabla ya kupanda basi. Mwenzetu huyu ni mzaliwa wa Bukoba. Mama yake mzazi alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430, lakini waliokufa peke yao walizidi 800. Yeye wakati huo alikuwa na miaka 14. Tangu siku hiyo hajapanda chombo chochote cha majini, na akienda kwao huzunguka kwa basi kupitia Kahama. Mwanza alikuwa hajaikanyaga. Tulipomwuliza kwa nini safari hii Mwanza, alisema sufuria ni bei nafuu kule. Hatukumwuliza zaidi.

Tulifika stendi ya Nyegezi Ijumaa jioni, tukalala katika hosteli safi yenye chandarua kisicho na matundu. Tunalitaja hilo kwa sababu ndicho kitu cha kwanza tunachokagua kila tunapolala ugenini, na tunawashauri nanyi mfanye hivyo.

Jumamosi tuliamka mapema ili tutembee kabla jua halijawa kali. Mwanza ni mji wa mawe. Milima yote inayouzunguka imejaa miamba mikubwa, mingine imebebana kama mizigo ambayo mtu aliipanga kwa haraka akaiacha, na katikati ya miamba hiyo watu wamejenga nyumba mpaka juu kabisa. Mama mmoja alikuwa anashuka na ndoo kwenye vijia vya Isamilo, tukajiuliza huwa anapandaje akiwa mjamzito. Kutoka kilima hicho hicho cha Isamilo, Mwingereza Speke alilitazama ziwa mwezi Agosti 1858 akalipa jina la malkia wake. Wasukuma waliokuwa wakivua humo siku hiyo hawakuulizwa maoni yao.

Tulianzia kwenye Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Hilo ndilo jiwe linaloonekana kwenye kila picha ya Mwanza, limesimama juu ya wenzake ndani ya maji kana kwamba upepo mdogo utaliangusha. Jina ni la kiongozi wa Ujerumani, limebaki tangu enzi za Wajerumani. Mvuvi mmoja mzee alitusalimu, "Mwangaluka mayu," nasi tukaitika vizuri, maana kuishi Shinyanga kumetufundisha. Ng'ambo ilionekana pwani ya Sengerema, ya kijani, na kivuko kilikuwa kinapakia magari na baiskeli. Mwenzetu alisimama upande wa barabara, mkoba wake ameukumbatia kifuani, akitazama maduka.

Kutoka hapo tulifuata barabara ya ufukweni kuelekea Capri Point. Ni matembezi ambayo mama yeyote mwenye viatu vya chini anaweza kuyafanya. Njia ina kivuli mahali pengi, na maji yako karibu nawe karibu muda wote. Korongo wakubwa wenye upara wamesimama juu ya miti na kando ya majalala kama wazee wa baraza. Kwenye miamba, mijusi ya rangi mbili huota jua, kichwa na mabega mekundu, kiwiliwili cha buluu. Mahali palipo na kilima tulipanda kwa kushikana mikono, tukacheka kwa sababu magoti ya miaka arobaini na kitu yana sauti yake. Juu ziwa lote lilikuwa mbele yetu. Ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, karibu kilomita za mraba 68,800, na tunalimiliki pamoja na Uganda na Kenya. Mwenzetu alikaa akaligeuzia mgongo, akatoa chapati tulizobeba.

Tulitaka kwenda Saanane. Ni kisiwa kidogo mbele ya mji, kilichopewa jina la mzee mmoja aliyekaa pale akilima na kuvua. Miaka ya 1960 kilifanywa bustani ya wanyama, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Boti huchukua dakika chache tu, na kila abiria huvaa jaketi la kuokolea. Tulishuka mpaka mahali pa kupandia. Kijana mwenye boti alituletea majaketi mawili, akatuambia kuhusu pimbi wanaokaa kwenye miamba na swala wanaokula majani bila wasiwasi. Mwenzetu alilipokea jaketi lake. Alilishika, akakagua mishono yake kama anavyokagua shuka dukani, akavuta kamba zote moja moja. Kisha akamrudishia kijana na kumwambia, "Asante mwanangu, siku nyingine." Boti ikaondoka na watu wengine. Nasi tulikuwa na hamu sana ya kuwaona pimbi wale, tukiri wazi, na kwa muda kidogo tulinuna. Halafu tukaona aibu.

Mchana tuliingia madukani, na huko mwenzetu akawa mtu mwingine kabisa. Tulianzia Makoroboi, mtaa uliopata jina kutokana na vibatari vya makopo vilivyokuwa vikitengenezwa pale. Muuzaji wa sufuria alitaja shilingi 70,000 kwa seti ya saba. Mwenzetu hakukasirika wala hakucheka. Aligeuza sufuria moja, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akasema hii ni nyepesi, itapinda mwezi wa kwanza. "Mama, hata mtaji haurudi," kijana alilia. "Mtaji wako utarudi kwa hao wasiojua kugonga," akajibu. Tuliondoka mara mbili, tukaitwa mara mbili. Tukalipa 48,000 na mfuniko wa nyongeza.

Sisi hatuna kipaji hicho. Pale Mlango Mmoja kwenye mitumba tulipenda shuka moja la maua, likiwa limekunjwa vizuri, tukalipa bila kulifungua kwa sababu muuzaji alituita shangazi. Tulipolikunjua hosteli tulikuta limekatwa nusu na kushonwa kingo. Mwenzetu alicheka mpaka akafuta machozi, na ni mara ya kwanza tulimsikia akicheka hivyo tangu tuondoke. Basi jifunzeni kwetu: mtumba ufunguliwe wote, ushikwe dhidi ya mwanga, zipu ivutwe mpaka mwisho. Na anayekuita shangazi mwambie shangazi ana macho.

Jioni tulikwenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa. Wanunuzi hufika pale hata kutoka Kongo, na magunia yamepangwa kama ukuta. Wauzaji ni akina mama kama sisi, wengine wananyonyesha huku wanapima visado. Mmoja alitufundisha kuchagua. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha na hana harufu kali. Mtafune mmoja, kama meno yanasaga mchanga, basi alianikwa chini. Aliyeanikwa kwenye chanja ni ghali kidogo, lakini hutapoteza nusu saa kumwosha. Kwa watoto wetu hakuna chakula cha bei hiyo kinachomshinda dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake.

Hapo ufukweni watoto walikuwa wanaoga huku mama zao wakifua, nasi uuguzi ukatushinda kuuficha. Kichocho hakiingii kwa kunywa maji peke yake, kama wengi wanavyodhani. Kinaingia kwenye ngozi. Konokono wadogo wakaao kwenye majani ya ufukweni hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na dakika chache majini zinatosha. Kichocho cha huku ziwani zaidi hushambulia utumbo na ini: tumbo linauma, choo kina damu, na miaka baadaye tumbo linavimba. Mtoto aliyewahi kuoga ziwani apelekwe kupimwa. Dawa ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, na kipimo chake hufuata uzito au urefu. Tulimweleza mwenzetu yote haya tukiwa tumesimama mita nne kutoka majini, tukamkataza asisogee. Alisema hana mpango wa kusogea.

Jumapili baada ya ibada ya kwanza alituomba tumsindikize Igoma. Ndipo tulipojua sufuria hazikuwa sababu yote ya safari.

Igoma iko nje kidogo ya katikati ya mji, kwenye barabara ya Musoma. Pale walizikwa wengi wa wale waliotolewa MV Bukoba, na pana mnara wa kumbukumbu. Mama yake hakuwahi kutambuliwa. Bibi yake alimwambia tu kwamba yuko Igoma pamoja na wenzake. Mwenzetu alipita katikati ya makaburi taratibu, asijue asimame wapi. Mwishowe alipiga magoti kwenye moja lililokuwa limeota majani, akaanza kuyang'oa. Alipomaliza akahamia la pili. Nasi tukapiga magoti tukang'oa. Hatukuzungumza. Tulifanya makaburi sita au saba hivi, mpaka vidole vikachubuka.

Akiwa bado chini alisema, kana kwamba anaendelea na mazungumzo tuliyokuwa nayo, "Aliahidi kuniletea kitenge kutoka Mwanza." Binti yake anaolewa Septemba, na hana bibi wa kumfunda.

Tulirudi mjini tukashuka Barabara ya Pamba. Maduka mengine yalikuwa yamefungwa kwa Jumapili, lakini tulipata moja. Alichagua kitenge cha buluu chenye ndege weupe, kwa ajili ya binti. Kisha akachukua kingine cha aina hiyo hiyo, chake mwenyewe. Muuzaji alitaja bei, nasi tukasubiri vita ianze. Akafungua mkoba akalipa ilivyotajwa.

Basi letu lilikuwa la saa kumi, kwa hiyo tulikuwa na saa nzima. Yeye ndiye aliyesema twende Kamanga tena. Kivuko kilikuwa kinarudi, kimejaa watu wenye kuku na mafungu ya matembele. Tulidhani atasimama barabarani kama jana. Alishuka mpaka kwenye mawe, akavua viatu akaviacha, akachuchumaa mahali maji yanapogusa jiwe. Akatia mkono wa kulia ndani mpaka kifundo, akautuliza humo.

Ni miaka zaidi ya ishirini tunawakataza watu jambo hilo hilo kliniki, na jana yake tu tulikuwa tumemkataza yeye. Safari hii hatukusema kitu. Alipoutoa tulimpa leso akausugua mkono mpaka ukakauka vizuri, tukahesabu moyoni wiki za kusubiri kabla ya kumpima.

Kwenye basi alipakata sufuria zote saba, na gunia la dagaa tuliliweka miguuni. Abiria wa mbele alilalamika harufu hadi Misungwi, kisha akauliza tulinunua kisado kwa bei gani.